Kusomea Kitini

Nilikosea. Nakwambia mwenyewe mapema, kabla hujalisikia kwa Orville, maana Orville akisimulia hili jambo anachezesha mpaka nyusi, na kila akilirudia mapazia yanaongezeka.

Kosa langu lilikuwa la mapazia.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nimeshakiri shitaka langu kwenye mahakama ya shirikisho kule Pikeville, hapa Kentucky. Sasa kabla jaji hajakusomea adhabu, anatumwa afisa akuhoji na kuandika ripoti yako: umezaliwa wapi, umesoma nini, unakunywa kiasi gani, umebakiza meno mangapi. Jaji anaisoma, halafu ripoti ileile inakutangulia gerezani. Ukifika wanakujua kuliko mama yako alivyokujua. Na kwa ripoti hiyo ndiyo wanaamua wakupeleke kambi gani ya wafungwa, ya karibu au ya mbali.

Afisa wangu aliitwa Bi. Prewitt. Mama wa makamo kama mimi, miwani imening'inia kwa mnyororo, kalamu tatu mezani: ya bluu, nyeusi na nyekundu. Nilimpenda palepale. Mtu mwenye kalamu tatu hana haraka na wewe.

"Jina kamili?"

"Denzil Ray Stidham."

"Elimu?"

"Diploma ya usafishaji maji, chuo cha wilaya. Nilikuwa wa pili darasani. Tulikuwa wanne, lakini hiyo si lazima uiandike."

Hakucheka, ila kona moja ya mdomo ilisogea.

"Una maradhi yoyote, Bwana Stidham?"

"Magoti. Na mdomo."

Akaandika magoti.

Mambo yakaenda vizuri namna hiyo saa nzima, mpaka tukafika kwenye kisanduku kimoja chini ya ukurasa wa saba. "Ukitoka gerezani, utaishi wapi, na nani?"

Jibu lilikuwa jepesi. Nina nyumba yangu, bondeni, hatua chache kutoka kwenye kijito, nimeishi humo miaka ishirini na nane. Ningetaja namba ya nyumba tukaendelea. Lakini Orville, jirani yangu, ambaye alishakaa miaka sita ndani kwa habari ya vidonge vya kulevya na sasa anajua mambo ya magereza kama mchungaji anavyoijua Biblia, alikuwa ameshaniambia: "Kaka, wale hawaangalii unapotoka, wanaangalia utakaporudi. Wanajaribu kukuweka ndani ya maili mia tano kutoka hapo. Kwa hiyo taja pale unapotaka kutembelewa."

Mimi nyumbani kwangu atakuja kunitembelea nani? Mke wangu Oma alifariki. Mtoto tunaye mmoja, Kelsey, na yuko Duluth, juu kabisa Minnesota, maili kama elfu moja. Ana mtoto, Wendell. Huyo ndiye mjukuu wangu, ni yeye peke yake, na mara ya mwisho kumwona alikuwa hajaota jino.

Bi. Prewitt akangoja, kalamu ya bluu hewani. Na mimi kisanduku kitupu huwa kinanitesa. Nikasikia sauti yangu inasema:

"Kwa binti yangu, Duluth. Ameshanitengenezea chumba."

"Ameshakubali?"

"Sana! Chumba kina madirisha mawili. Ameweka mapazia ya kijani, anajua napenda kijani."

Kelsey sikuwa nimeongea naye tangu Juni ya mwaka uliopita. Sijui ana vyumba vingapi. Mapazia yale nilikuwa nimeyaona asubuhi hiyo kwenye dirisha la kituo cha mafuta.

Sasa nikueleze kwa nini kosa hili ni kubwa kuliko linavyoonekana, maana ndipo kesi yenyewe ilipo.

Kwenye mitambo ya maji tuna neno letu, la kusomea kitini. Mtambo una vipimo vya kusoma kila saa nne: klorini, na ukungu, yaani uchafu mdogomdogo unaoelea ndani ya maji. Unatakiwa uinuke, ushuke ngazi, usome kipimo, upande, uandike. Mtu akichoka anaandika bila kuinuka. Anaangalia namba ya juzi, anaangalia ya jana, anaweka ya leo ifanane nazo. Hiyo ndiyo kusomea kitini. Tulikuwa tunataniana nayo. "Leo umesomea wapi, Denzil?" "Kitini, na kiti kimesoma vizuri."

Halafu wenzangu wawili wakaacha kazi na hawakuletwa wengine, nikabaki zamu zote peke yangu. Halafu mashine ya kupima ukungu ikafa. Niliomba nyingine, nikaambiwa subiri kikao. Wiki tatu niliandika sifuri nukta mbili, sifuri nukta mbili, mwandiko mzuri kabisa. Na wiki ya pili ya hizo tatu mvua ikanyesha mpaka kijito kikawa rangi ya kahawa.

Wakaguzi walikuja Mei. Walikaa na daftari langu siku nzima. Kijana mmoja akaniuliza kwa upole, "Mzee, maji ya mafuriko yanawezaje kuwa sawasawa na ya kiangazi?" Daftari hilo ni hati ya serikali, na kuandika uongo ndani yake ni kosa la shirikisho. Ndivyo nilivyofika kwa Bi. Prewitt.

Basi na yeye, mwenye kalamu tatu, akafanya ambalo mimi sikufanya. Akainuka kwenda kupima. Alimpigia Kelsey simu.

Wakili niliyepewa na mahakama anaitwa Lyle Teague, mwembamba, anakula biskuti za chumvi kutoka kwenye droo. Alinisomea ripoti ofisini kwake akiwa amesimama.

"'Afisa alizungumza na binti wa mshitakiwa kwa simu. Binti alisema hana habari ya mpango huu. Alisema hana chumba cha ziada, wala mapazia ya kijani. Alisema hajazungumza na baba yake tangu Juni ya mwaka jana.'" Akaiweka chini. "Mapazia ya kijani, Denzil?"

"Niliona yanapendeza."

"Hivi unaelewa? Umeshitakiwa kwa kujaza uongo kwenye fomu ya serikali. Umekiri. Umesema unajuta. Na katika kujuta kwako umejaza uongo kwenye fomu nyingine ya serikali!"

"Ukiliweka hivyo linasikika vibaya."

"Kuna namna ya kuliweka likasikika vizuri?"

Nikawaza. "Hakuna."

Akakaa, akala biskuti mbili. Akasema Bi. Prewitt angeweza kunifanyia ubaya mkubwa kwa hilo lakini ameamua kuandika tu kilichotokea na kuacha. Anwani ya Duluth imetolewa. Akaniambia siku ya kusomewa adhabu ni wiki tano mbele, na akanipa kazi mbili. Ya kwanza, nimwandikie Kelsey barua, nimwombe radhi kwa kutumia jina lake, na nimwambie kwamba kama yuko radhi anwani yake itumike kweli, aandikie mahakama mstari mmoja. Mmoja tu. Ya pili, nitafute watu wa mji waandike barua za kunisemea kwa jaji.

Barua ya Kelsey iliniharibia karatasi kumi na moja. Kila nikianza, mzaha unaingia. Mwisho niliandika mistari minne mikavu kama biskuti za Teague, nikaipeleka posta.

Hizo barua za watu sasa. Mji wetu ni mdogo na mimi nimewafukulia watu mabomba kwenye barafu usiku wa Krismasi. Nikadhani nitapata kumi. Nikanunua kahawa nzuri, nikaoka mkate wa mahindi, nikawaita mmojammoja nyumbani.

Walikuja, siwezi kuwasingizia. Mchungaji alikuja, tukaomba, akanishika bega. Nikamtilia kahawa. Aliishika mkononi dakika arobaini, akaipuliza mpaka ikapoa, akaisifu harufu yake, akaiacha. Bi. Maxie wa posta alikuja na sahani ya pai na chupa yake ya maji ya dukani ndani ya mkoba. Akanywa kutoka kwenye chupa, akaniona nimemwona.

"Denzil, usinichukie."

"Nikuchukie wewe? Pai umeoka mwenyewe."

"Nakupenda kama kaka yangu. Lakini nikimwandikia jaji lazima niseme kweli, na kweli yenyewe ni kwamba nilichemsha maji miezi miwili, na mpaka leo mswaki nautilia ya chupa." Akafuta macho. "Ningesema wewe ni mtu mzuri. Halafu ningelazimika kusema hayo."

"Basi usiandike, Maxie. Kula pai."

Wiki hiyo nilimwaga vikombe tisa vya kahawa, vyote vimejaa. Namjua kila mtu mji huu kwa sauti ya bomba lake, na hakuna hata mmoja aliyeweza kunywa kwangu. Jioni nilikuwa nakula maharage yangu na mkate uliobaki, nimesimama kwenye sinki, maana ukikaa mezani unaviona viti vingine.

Barua nilipata moja, ya Orville. Teague aliisoma, akasema imeandikwa kwa moyo, lakini mtu aliyekaa miaka sita ndani kumdhamini mtu tabia, labda tusiitangulize.

Orville alikuwa anakunywa kahawa yangu. Lazima niseme hilo. "Mimi nimekunywa maji ya jela sita, kaka," alisema. "Yako ni ya hotelini." Na alinifundisha. Nenda na miwani yako na pete ya ndoa, isiyo na jiwe, vingine vyote watakunyang'anya. Kiti cha mbele ya televisheni kina mwenyewe, usikikalie hata kama kiko tupu mwaka mzima. Usiulize mtu amefanya nini. Na simu utaiacha nyumbani, kwa hiyo namba uwe nazo kichwani.

"Unazo ngapi kichwani?" akaniuliza.

Nikafikiri. "Ya mtambo wa maji."

"Hiyo haitakusaidia."

Nikaanza kuishika ya Kelsey. Nilikuwa naisema nikinyoa, naisema nikifagia. Namba ya mtu asiyekupokelea ni ngumu kushika, sijui kwa nini.

Siku tisa kabla ya mahakama, Teague akapiga. "Imeingia barua. Kutoka Minnesota."

Sikumbuki nilivyoendesha gari kufika Pikeville. Nakumbuka nilivaa tai. Kwenda kusoma barua, nimevaa tai! Njiani nilishapanga kila kitu: Jumamosi za kutembelewa, Wendell mezani, mimi namfundisha kunusa klorini.

Teague hakuwa na uso wa Jumamosi. Akanipa karatasi nisome mwenyewe.

"Mheshimiwa Jaji. Mimi ni binti wa Denzil Stidham. Siandiki kumtetea wala kumsema vibaya. Nina swali moja. Sijamuuliza mwenyewe kwa sababu naogopa atanichekesha, na nikicheka nitamsamehe kabla sijajua. Tarehe tisa Machi mwaka jana nilikuwa nyumbani kwake na mwanangu wa miezi minne. Maji ya bomba yalikuwa na rangi. Nilimtumia baba ujumbe kazini, nikamuuliza kama nimchanganyie mtoto maziwa kwa maji hayo. Alinijibu: Salama kabisa, babu amepima mwenyewe. Naomba aulizwe kama alipima. Nikishajua, ndipo nitajua la kusema kuhusu anwani yangu. Kelsey Stidham."

Niliisoma mara tatu. Kwenye ile ya tatu nilikuwa naangalia tu mwandiko. Anaandika namba nne kama mama yake, imefungwa juu.

Wendell alilazwa usiku wa tarehe kumi. Siku tatu, mrija kwenye mguu, maana mkononi mishipa haikupatikana. Daktari alisema watoto wa umri huo wanaharisha kwa mambo mengi, inaweza kuwa chochote. Kelsey hakunilaumu. Alinikumbatia kwenye korido. Mimi ndiye niliyekuwa namfariji, unaona? Namwambia vichekesho vya hospitali. Akarudi Duluth anacheka. Wakaguzi wakaja Mei, magazeti yakaandika, na Juni nikapiga simu ikaita mpaka ikakata.

"Sikiliza," Teague alisema. "Usijibu."

"Ameniuliza."

"Hajakuuliza wewe, amemwomba jaji akuulize, na jaji halazimiki. Ulichokiri ni kuandika vipimo vya uongo. Hakuna sehemu yoyote kwenye karatasi za kesi inayosema mtu aliumia. Ukisimama pale ukataja mtoto hospitalini, mwendesha mashtaka atadhani ni siku yake ya kuzaliwa. Tunaomba mwaka mmoja na siku moja. Tunakaribia kuupata. Usiuharibu."

Hilo la mwaka na siku moja nilikuwa nalifurahia kwelikweli. Ukipewa mwaka kamili, unaukaa wote. Ukipewa mwaka na siku moja, unaingia kwenye wale wanaopunguziwa kwa tabia njema, unatoka karibu siku hamsini mapema. Ni mahali pekee duniani unapomwomba mtu akuongezee ili akupunguzie. Nilikuwa nimemsimulia kila mtu.

"Na nisipojibu, Kelsey atasema nini kuhusu anwani?"

Teague akafungua droo, akafunga bila kuchukua biskuti. "Hatasema kitu, nadhani."

Akaniandikia maneno ya kusema mbele ya jaji. Nusu ukurasa, mazuri, yana "jamii" mara tatu na "imani ya umma" mara mbili. Niliyafanyia mazoezi siku nane mbele ya friji. Friji ilinisikiliza vizuri, ilikuwa inaguna palepale panapofaa.

Siku yenyewe ikafika. Orville alikaa nyuma kabisa, amevaa koti la mazishi. Safu nyingine zilikuwa tupu. Bi. Prewitt alikuwa upande, na kalamu zake. Jaji alikuwa mwanamke mzee, mdogo wa umbo, sauti ya chini, kiasi kwamba mahakama nzima inainama kumsikia. Teague akaongea vizuri, akaomba mwaka na siku. Mwendesha mashtaka akaongea, si vibaya sana. Kisha jaji akasema:

"Bwana Stidham, nimesoma barua zote mbili zilizoletwa, ya jirani yako na ya binti yako. Sina nia ya kukuuliza chochote. Ukitaka kusema lolote, sasa ndiyo nafasi yako."

Nikasimama na karatasi ya Teague. Nikaanza. "Mheshimiwa Jaji, naomba radhi kwa jamii..."

Na hapo nikaona kinachoendelea. Nilikuwa nimesimama, lakini nilikuwa nasomea kitini. Maneno yale niliyachukua ya jana, na ya juzi, nikayapanga yafanane.

Nikaikunja karatasi. Teague akanivuta shati kidogo, chini ya meza, kama mtoto. Mzaha ulikuwa unapanda kooni kama kiungulia. Ulikuwa mzuri sana, ulihusu friji. Nikaumeza.

"Sikupima," nikasema.

Jaji akainua macho.

"Binti yangu anauliza kama nilipima. Sikupima. Mashine ilikuwa imekufa. Lakini ningeweza kuchota glasi nikaiinua kwenye mwanga, tulifundishwa hivyo mwaka wa kwanza, haihitaji mashine. Hata hilo sikufanya. Kulikuwa na mvua na magoti yalikuwa yananiuma. Niliandika sifuri nukta mbili, halafu nikachukua simu, palepale kwenye kiti, nikamwandikia kwamba nimepima mwenyewe. Nikaweka na 'babu' ili acheke. Akamchanganyia mtoto. Mtoto akalazwa siku tatu. Daktari alisema inaweza kuwa chochote, na mimi tangu siku ile nimekaa ndani ya hiyo 'chochote' nimejifunika. Basi. Hayo mapazia pia ni ya uongo. Samahani kwa mapazia."

Nadhani kuna aliyetaka kucheka kwenye mapazia, lakini hakucheka mtu. Mwendesha mashtaka alikuwa anaandika. Teague alikuwa anaangalia viatu vyake.

Jaji akaandika mstari mmoja kwenye karatasi yake. Kisha akatoa miezi kumi na minane.

Akasema ameongeza kwa sababu ya nilichosema, na kwamba bila nilichosema angenifikiria vibaya zaidi, na kwamba yote mawili ni kweli na hana namna ya kuyaweka pamoja. Kuhusu kambi, akasema kupanga si kazi yake, yeye anapendekeza tu. Ataacha nafasi ya anwani wazi siku kumi na nne. Binti akiandika kwamba anakubali, atapendekeza Minnesota. Asipoandika, Kentucky. Nijisalimishe mwenyewe siku nitakayopangiwa.

Kwenye korido nikamfuata Bi. Prewitt. Nikamwuliza kama Kelsey atajua nilichosema.

"Nitamtumia ukurasa ule, neno kwa neno," alisema. "Zaidi ya hapo siwezi, Bwana Stidham."

"Inatosha."

Akashusha miwani. "Yale mapazia nilikuwa nimeyaamini, unajua."

"Hata mimi," nikasema, na haikuwa mzaha.

Siku kumi na nne ni nyingi ukizihesabu kwa sanduku la barua. Bi. Maxie akiniona naingia posta alikuwa anatikisa kichwa kabla sijauliza, ili nisije nikauliza. Siku ya tano nikampigia Bi. Prewitt, akasema ukurasa umefika Duluth, umesainiwa kupokelewa. Umesainiwa! Nikaoka mkate. Siku ya kumi akasema hakuna kitu. Siku ya kumi na nne sikupiga. Alipiga yeye, saa kumi na moja jioni kasoro dakika mbili, akasema amengoja mpaka sasa ili nisiseme hakungoja.

Barua ya kupangiwa ilikuja mwezi mmoja baadaye. Kambi ya hapahapa Kentucky, mwendo wa saa moja na nusu. Jumanne, kabla ya saa nane mchana. Orville ataniendesha, ameshaosha gari, kitu ambacho sijawahi kukiona. Anasema kambi ile si mbaya, ina miti, na kwamba niombe kazi kwenye karakana.

"Ya maji tu usiombe," akasema.

Halafu akaona uso wangu. "Nakutania, kaka."

"Najua. Ni nzuri."

Nimefunga nyumba kidogokidogo. Nimeyatoa maji yote kwenye mabomba yasije yakapasuka kwa baridi. Kwenye fomu ya watu watakaoruhusiwa kunitembelea kuna mistari mingi. Nilikaa nayo asubuhi yote. Mkono ulikuwa unawashwa kuijaza, kama kawaida yake. Nikaandika jina la Orville, ambaye kwa rekodi yake huenda wakamkataa, na mistari mingine nikaiacha mitupu. Sijawahi kuacha kisanduku kitupu maishani mwangu. Kilipendeza, kwa namna yake.

Jana, Jumatatu, baada ya chakula cha mchana, nilipiga namba ya Duluth. Niliipiga kutoka kichwani, bila kuangalia popote, na nikaipatia. Ikaita mara sita. Ikaja ile sauti yake ya kurekodi, kwamba hayupo, acha ujumbe, na nyuma yake kuna mtoto anapiga kitu kwa kijiko. Sikuwa nimeisikia hiyo. Ni mpya. Nikasikiliza kijiko mpaka mlio.

"Kelsey, ni baba. Sikupigii habari ya chumba. Nimepangwa huku huku, pazuri, pana miti. Ukurasa umeusoma, nadhani. Ndivyo ilivyokuwa, sina cha kuongeza." Nikaona nampotezea muda. "Wendell ana karibu miaka miwili sasa. Atakuwa anashika kikombe mwenyewe. Nina ombi moja, dogo. Maji anayokunywa, siku mojamoja, mimina kwenye glasi isiyo na rangi. Nenda dirishani, uinue, uangalie kwenye mwanga. Ni dakika moja. Hata kama mtu amekwambia ni salama, hata kama mtu huyo unampenda, inuka uangalie mwenyewe. Halafu unitumie neno. Kesho nitakuwa sina simu, ila barua zinafika. Andika tu kama ni safi, au yana ukungu."

Mashine ilikuwa imeshakata, sijui kwenye neno gani. Nikapiga tena. Ikaita mara sita, kijiko kikapiga, mlio ukalia.

"Ni baba tena," nikasema. "Ni hayo maji tu. Niambie yakoje."